Ukiambiwa shamba lako ni la Rais

Kila unapotangazwa mradi mkubwa, iwe bomba, reli, mgodi au barabara ya njia nne, kuna kauli hurudi vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: "Ardhi ya nchi hii ni ya Rais, sisi wengine ni wapangaji tu." Anayeisema huisema kwa uhakika wa mtu aliyesoma sheria. Anayembishia naye hamuachii nafasi: "Shamba hili alilifyeka babu yangu, na kaburi lake liko palepale chini ya mparachichi. Rais ananiondoaje?" Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi.

Ninachoeleza hapa ni habari ya Tanzania Bara. Zanzibar wana njia yao. Huko ardhi ilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wananchi wakagawiwa eka tatu tatu, na leo wanatumia sheria yao ya umiliki wa ardhi ya 1992. Ndugu yako wa Unguja akikupa ushauri kuhusu shamba la Kilosa, msikilize kwa heshima, kisha ukaulize wilayani.

Tuanze na maneno. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinasema ardhi yote ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya raia wote. Wengi hurukia neno "Rais" na kulipita neno "mdhamini", ilhali uzito wote umelalia hapo. Anayejua VICOBA anamjua mweka hazina. Sanduku linalala nyumbani kwake, wanachama wamempa dhamana, na hata akina mama wenye hisa nyingi hawawezi kumgongea usiku wafunguliwe. Lakini fedha si zake. Akizitoa kununulia bati za nyumba yake, kikundi kizima kitamwita mwizi, na kitakuwa sahihi.

Neno la pili ni milki. Unapolipia kiwanja Kibaha au unaporithi shamba Rungwe, unachopata si udongo wenyewe mpaka kiini cha dunia. Unapata haki ya kuikalia na kuitumia ardhi hiyo, na haki hiyo ni mali kamili: inauzwa, inarithishwa, inawekwa rehani, na Ibara ya 24 ya Katiba inailinda kama inavyolinda gari lako au fedha zako benki. Kwa hiyo aliyesema "wapangaji tu" amekosea. Mpangaji hana cha kuwarithisha wanawe.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Novemba 1895 Wajerumani walitoa amri iliyofanya ardhi karibu yote ya koloni kuwa ya dola yao, isipokuwa pale mtu alipoweza kuthibitisha umiliki wake. Mkulima wa Usambara wakati huo angethibitisha kwa karatasi gani? Waingereza walipokuja wakatunga sheria ya 1923 iliyoiita ardhi yote ya umma na kuiweka chini ya Gavana. Mwaka 1928 wakaongeza kipengele kinachotambua milki za wenyeji kwa mila zao. Kipengele kilikuwepo kwenye kitabu, lakini hakikuwa na meno. Novemba 1951 Wameru wapatao elfu tatu walitolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi waanzishe mashamba ya mifugo. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kupeleka malalamiko yao. Ardhi haikurudi kwa safari ile, ila habari ilienea nchi nzima na kuwaonyesha watu kuwa "milki ya mila" bila kinga ni maneno ya hisani.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza wenyeji waanze kumilikishwa ardhi bila kikomo cha muda, kama bidhaa ya kuuza na kununua, Nyerere aliandika kupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba baada ya muda wachache wenye fedha wangeinunua yote na waliobaki wangegeuka wapangaji kwenye nchi yao. Uhuru ulipokuja, sheria ya 1963 ikafuta milki za namna hiyo zilizokuwepo na kuzigeuza za kipindi maalumu. Hapo ndipo tulipoachana na majirani. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ina ardhi ya umma, ya jamii na ya binafsi. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema ardhi ni ya raia wenyewe. Sisi tukabaki na mdhamini.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa kwenye vijiji vipya, wakapewa mashamba yaliyokuwa ya watu wengine, na yao yakachukuliwa na wengine tena. Miaka ya 80 sera zilipolegea, wenye mashamba ya zamani wakaanza kwenda mahakamani. Serikali ikajibu kwa sheria ya 1992 iliyofuta milki za kimila za kabla ya operesheni, bila fidia, na kuzuia mahakama zisizisikilize kesi hizo. Baba na mwanawe kutoka mkoa wa Arusha, waliokuwa wameshinda kesi ya shamba lao, wakajikuta ushindi wao umefutwa na Bunge. Shauri lao, linalojulikana kama la Lohay Akonaay, likafika Mahakama ya Rufani, na Desemba 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakaamua kuwa milki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, haifutwi bila fidia ya haki. Mahakama iliongeza jambo ambalo mimi hulitumia kila ninapombishia mtu wa "sote wapangaji": Rais ni mdhamini, na kusema vinginevyo ni kusema wengi wa wakazi wa nchi hii ni wavamizi ndani ya nchi yao.

Tume ya Profesa Issa Shivji, iliyozunguka nchi nzima kuanzia 1991 na kutoa taarifa 1992, ilikuwa imependekeza ardhi iondolewe mikononi mwa dola kabisa, ya vijiji iwe chini ya mikutano ya vijiji vyenyewe. Serikali haikukubali. Sheria za 1999 ni mwafaka wa kusitasita kati ya uamuzi ule wa mahakama na kutokubali huko.

Ardhi inayobadilika jina

Sheria imeigawa ardhi mafungu matatu: ya jumla, ambayo zaidi ni ya mijini, ya vijiji, na ya hifadhi, kama vile mbuga, misitu na kingo za barabara. Makadirio yanayotajwa sana ni asilimia 70 ya vijiji, 28 ya hifadhi na 2 ya jumla. Kila fungu lina bosi wake. Ya jumla husimamiwa na Kamishna wa Ardhi, ya kijiji na Halmashauri ya Kijiji chini ya jicho la Mkutano Mkuu wa Kijiji, ya hifadhi na mamlaka ya hifadhi husika.

Hatari ya kweli, kwa maoni yangu, haiko kwenye neno "Rais" bali kwenye mipaka ya mafungu haya, maana shamba linaweza kutoka fungu moja kwenda jingine nawe umekaa palepale. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla kwa manufaa ya umma. Ikiwa ni chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na mwenye kauli ya mwisho ni Waziri. Watu wakubwa kwa wadogo wanapaswa kuijua namba hiyo 250. Wengi hawaijui, na mkutano wenyewe huitishwa msimu wa palizi kukiwa na watu ishirini.

Halafu kuna mtego wa maneno. Sheria ya Ardhi, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaongeza kwamba inajumuisha na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyopitishwa mwaka uleule, haina maneno hayo. Nani basi anaamua kuwa ardhi haitumiki? Afisa akipita Kiteto mwezi wa nne, ataona nyasi zimefika kiunoni, hakuna ng'ombe hata mmoja, hakuna boma. Ataandika "pori". Mmaasai aliyeko karibu anaiona alalili, malisho yaliyofungwa makusudi wakati wa mvua ili mwezi wa tisa, nyasi kwingine zikiisha, ndama na ng'ombe wanaonyonyesha wapate pa kushika. Ukiikata alalili kumpa mwekezaji kwa sababu "ilikuwa tupu", huko tambarare kulikobaki hakutawalisha mifugo mpaka vuli. Kwa mkulima ni vivyo hivyo: shamba lililolazwa miaka miwili lipumzike si shamba lililotelekezwa. Kutoonekana mtu juu ya ardhi hakumaanishi hakuna anayeitegemea.

Wanaofuatilia habari za Loliondo wataelewa kwa nini ninalisisitiza hili. Eneo lilelile lilihesabiwa na wakazi kuwa ardhi ya vijiji vyao, huku mamlaka za wanyamapori zikilihesabu kuwa pori tengefu, yaani eneo ambalo uwindaji wake unadhibitiwa. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 zikatangazwa kuwa Pori la Akiba Pololeti. Ngorongoro, jirani yake, ni kisa tofauti, ingawa watu huvichanganya. Kule sheria ya 1959 iliruhusu watu, mifugo na wanyamapori kukaa pamoja ndani ya hifadhi, na ubishi wa kuhamia Msomera, Handeni, unahusu kama mpangilio huo unaweza kuendelea, na kama wanaoondoka wanaondoka kwa hiari.

Masale na karatasi

"Bila hati huna haki." Hii ndiyo imani iliyowatajirisha madalali wengi kuliko nyingine zote. Kijijini si kweli. Milki ya kimila ipo kwa sababu ukoo wako umeishikilia ardhi hiyo kwa taratibu zinazotambulika, na hati ya hakimiliki ya kimila huja kuithibitisha. Wala hati hiyo si ya daraja la pili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kuwa milki ya kimila ina hadhi sawa kwa kila hali na ile inayotolewa na Kamishna. Tena ina nafuu yake: ile ya Kamishna ina kikomo, haizidi miaka 99, na ina kodi ya pango la ardhi kila mwaka, wakati ya kimila kwa mwanakijiji inaweza kutokuwa na kikomo kabisa. Benki kuidharau hati ya kimila ni tabia ya benki.

Mjini mambo hubadilika. Kwenye kiwanja kisichopimwa, karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba fulani alimlipa fulani, basi. Mwenyekiti hana mamlaka ya kugawa ardhi, na muhuri wake hauzuii kiwanja hichohicho kuuzwa mara tatu.

Rudi sasa kijijini, siku ya uhakiki wa mipaka. Tuchukue kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, la Uchagani kwenye mteremko wa Kilimanjaro: migomba juu, mibuni chini yake, magimbi pembeni ya mfongo unaoleta maji, ng'ombe zizini akiletewa majani, na nyuma ya nyumba makaburi ya babu na bibi. Mpaka hauna bikoni. Una masale, ule mmea wa majani marefu ambao pia hutumika kuombea msamaha, ukimpelekea uliyemkosea hana njia ila kukaa na kuzungumza. Kung'oa sale la mpakani ni jambo linaloitisha wazee. (Kagera nao hupanda mmea wa jamii hiyohiyo mipakani mwa vibanja.) Majirani husimama kila mmoja upande wake, wajumbe wa kamati wanatembea na mwenye kifaa cha GPS, na kwenye kila kona huulizwa: hapa ni hapa? Wakikubaliana, namba zinaandikwa. Mpaka hapo kila kitu ni chema.

Ugumu unaanza afisa anapouliza: niandike jina la nani? Kihamba hicho anakaa mtoto wa mwisho wa kiume, ndiye kwa desturi aliyebaki na nyumba ya wazazi. Mama yake mjane analima upande wa juu. Kaka wawili wako Dar es Salaam, wanarudi Desemba, na kila mmoja anajua atazikwa wapi ndani ya ekari hiyo moja. Dada aliyeachika amerudi na amejengewa chumba. Kwa mila wote hawa wana kitu ndani ya kihamba: huyu ana kulima, yule ana kukaa, wale wana kuzikwa. Hakuna mwenye kuuza peke yake. Hati ikitoka na jina moja, haki tano zimekuwa moja, na miaka kumi baadaye mwenye jina anaweza kwenda nayo benki.

Kwa hiyo hati ni kinga dhidi ya mtu wa nje na inaweza kuwa silaha dhidi ya mtu wa ndani. Simaanishi watu wasichukue hati. Wachukue, ila sheria inaruhusu majina zaidi ya moja, ya mume na mke, ya ndugu, hata ya jamii nzima. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walipata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011. Wangegawiwa kipande kipande kwa kila kaya, asali na wanyama visingefuata mipaka hiyo.

Na mwanamke? "Kwa mila zetu binti harithi ardhi" ni sentensi inayosemwa kana kwamba inafunga mjadala. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilisikiliza kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake na kuliuza. Ndugu wa ukoo alidai mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Mahakama ikasema kanuni hiyo ya ubaguzi haiwezi kusimama mbele ya haki za Katiba, na mwanamke anauza kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Sheria za 1999 zikaja kuandika hivyo moja kwa moja: mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lenyewe, katika wajumbe wake saba, lazima watatu wawe wanawake. Kwamba vikao vya ukoo bado huamua vinginevyo ni kweli, ila vikifanya hivyo vinavunja sheria.

Ardhi ikitwaliwa

Serikali inaweza kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, kwa sheria ya utwaaji ya 1967. Watu wazima wengi bado wanaamini hulipwa "maendelezo" tu, yaani nyumba na mazao. Ndivyo ilivyokuwa zamani. Tangu sheria za 1999, ardhi yenyewe ina thamani, kwa bei ya soko, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi, na faida unayoipoteza. Malipo yakichelewa kupita miezi sita yanapaswa kuongezewa riba. Mthamini akija, tembea naye. Hesabu naye kila mgomba na kila mbuni, na usisaini fomu yenye nafasi tupu.

Makaburi yana sheria yake ya 1969, na fidia yake ni gharama za kuhamisha na za ibada. Hapo ndipo utaona ukomo wa hesabu zote hizi, kwa sababu mzee anayeuliza "mtamhamishia wapi baba?" hakuulizia gharama.

Mambo mawili ya harakaharaka. Mgeni asiye raia kwa kawaida hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia mamlaka husika, kwa hiyo Mzungu "aliyenunua" ufukwe kwa kupeana mikono na mzee wa kijiji hajanunua kitu. Na ile kauli ya "ukikaa miaka 12 ni yako" ina msingi mwembamba tu. Ni kweli mwenye ardhi akinyamaza miaka 12 anaweza kupoteza haki ya kukushitaki, lakini aliyekaribishwa alime, aliyepangishwa au aliyewekwa alinde hageuki mmiliki hata akikaa hamsini.

Linaloleta kesi nyingi kuliko hayo yote ni dogo zaidi: shamba bado liko kwa jina la marehemu. Familia hukaa kikao cha ukoo, huandika muhtasari, hugawana, na kudhani imekwisha. Muhtasari ule kazi yake ni kupendekeza jina la msimamizi wa mirathi, na anayemteua ni mahakama, kwa familia nyingi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi naye si mrithi mkuu, wala hana ruhusa ya kuuza kihamba kwa sababu tu barua ya mahakama ina jina lake. Anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi, na ndani ya miezi minne anatakiwa arudishe mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawo. Akipitisha muda huo kimya, mrithi yeyote, hata yule dada wa chumba cha nyuma, anaweza kwenda mahakamani hapohapo kuomba aitwe aeleze.